Mtoto Aliyelala Njia Nzima: Safari Ndefu ya Familia Yenye Mtoto Mchanga

Kila ifikapo katikati ya mwezi Desemba, Stendi ya Magufuli iliyopo Mbezi, jijini Dar es Salaam, hujaa familia zinazoelekea Kilimanjaro. Wapo wanaosafiri kwa basi, na wapo wanaopakia mizigo katika magari yao kabla jua halijachomoza. Kwenda kula sikukuu nyumbani ni desturi iliyokita mizizi, na mojawapo ya mambo yanayoipa uzito ni mtoto aliyezaliwa katika mwaka huo. Babu na bibi hawajamwona, mashangazi wanamsubiri, na likizo ya baba ni ya siku za kuhesabu. Hivyo mtoto ambaye kitovu chake kimedondoka wiki iliyopita hujikuta njiani kwa saa 9 au 10, katika safari ya takriban kilomita 560 kutoka Dar es Salaam hadi Moshi.

Familia ikifika salama, sifa ya kwanza anayopewa mtoto huwa ni ile ile: hakusumbua kabisa, amelala njia nzima. Kwa mtoto wa miaka miwili, hiyo ni habari njema. Kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili, ni taarifa ya kitabibu ambayo muuguzi makini hataiacha ipite bila kuuliza maswali zaidi. Alinyonya mara ngapi? Nepi zilizolowa zilikuwa ngapi? Alipoamshwa, aliamka kweli?

Safari huficha dalili

Mwaka 2022, watoto takriban milioni 2.3 duniani walifariki kabla ya kutimiza siku 28 tangu kuzaliwa, idadi inayokaribia nusu ya vifo vyote vya watoto walio chini ya miaka mitano. Sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokea katika wiki ya kwanza. Sababu zinajulikana: kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, maambukizi, na kasoro za kimaumbile. Miongoni mwa hizo, maambukizi ndiyo yanayoweza kumpata mtoto aliyetoka hospitali akiwa mzima kabisa, na ndiyo yanayoweza kuanza asubuhi na kuwa ya hatari jioni.

Tatizo ni kwamba mtoto mchanga hana njia nyingi za kusema kuwa anaumwa. Mtoto mkubwa hulia, hushika tumbo, hukataa kucheza. Mchanga huonyesha mambo machache tu: hunyonya kwa udhaifu au huacha kunyonya, hulegea, hupumua haraka, joto la mwili hupanda au hushuka, ngozi hugeuka ya manjano, na katika hali mbaya zaidi hupata degedege. Mtoa huduma aliyefunzwa Udhibiti wa Magonjwa ya Watoto kwa Uwiano anazifahamu dalili hizi kwa moyo. Jambo lisilozungumzwa vya kutosha ni kwamba karibu kila moja kati ya hizo hufichwa na safari.

Usingizi ni wa kwanza. Mtikisiko wa gari na mngurumo wa injini humlaza mtoto hata asiye na usingizi, na kwa sababu hiyo mama hawezi kutofautisha mtoto aliyelala na mtoto aliyelegea. Kunyonya ni kwa pili. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 katika saa 24, yaani kila baada ya saa 2 au 3, lakini mtoto aliyelala garini haombi, na mama aliyebanwa katikati ya abiria wawili wageni haoni vema kumwamsha. Saa 5 hupita bila kunyonya na hakuna anayeshtuka. Joto nalo huchanganya: ndani ya gari, kati ya Mkomazi na Same mchana wa Desemba, mwili wa mtoto aliyefunikwa blanketi unaweza kuwa wa moto kwa sababu ya mazingira au kwa sababu ya maambukizi, na mkono wa mama hauwezi kusema ni ipi. Kupumua haraka hakuhesabiki wakati gari linatikisika. Umanjano hauonekani vizuri chini ya pazia la dirisha la basi. Mkojo nao hauhesabiwi, kwa maana pampasi moja inaweza kuvaliwa tangu Chalinze hadi Mwanga bila mtu kuifungua.

Ndiyo kusema kwamba nyumbani dalili zinamtafuta mama, ila safarini mama hana budi kuzitafuta yeye. Ushauri mwingine wote unaofuata unatokana na hoja hii.

Kuchagua siku ya kuondoka

Chukuliwe mfano wa wazazi wanaoishi Dar es Salaam, ambao mtoto wao amezaliwa tarehe 1 Desemba, kwa njia ya kawaida, akiwa na uzito wa kilo 3.1. Bibi yake yuko Marangu. Likizo ya baba inaanza tarehe 20. Siku hiyo mtoto atakuwa na siku 19. Wazazi wanafika kliniki siku chache kabla na kumweleza muuguzi kwamba tiketi zimeshakatwa.

Muuguzi anaweza kusema "haiwezekani" na kuendelea na mgonjwa mwingine. Jibu hilo ni jepesi na halifanyi kazi; familia itaondoka hata hivyo, tofauti ikiwa ni kwamba itaondoka bila maelekezo. Mazungumzo yenye tija zaidi huanzia kwa bibi mwenyewe.

"Baba, bibi alipojifungua wewe, alikaa ndani muda gani kabla ya kutoka?"

"Kwa desturi ya kwetu, sista, mzazi anakaa miezi mitatu. Anapikiwa mtori, hafanyi kazi, hatoki."

"Na mama, kwenu pwani?"

"Siku 40."

"Basi bibi wa pande zote mbili wameshatoa jibu. Hospitali haiongezi neno, inawaunga mkono tu."

Hili si hila ya maneno. Arobaini ya watu wa pwani inakaribiana sana na siku 42 ambazo tiba inazitambua kuwa kipindi cha baada ya kujifungua, na kipindi kirefu zaidi cha Wachaga kinazidi hapo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama na mtoto wabaki kituoni kwa angalau saa 24 baada ya uzazi wa kawaida, kisha waonwe tena kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya 6. Anayesafiri katikati ya ratiba hiyo hukosa mojawapo ya mahudhurio, na mara nyingi hukosa lile ambalo lingegundua tatizo. Ajabu ni kwamba desturi iliyomtaka mzazi atulie nyumbani imegeuzwa na basi la kisasa kuwa desturi ya kumsafirisha mzazi ili aende akatulie.

Kwa mtoto wa mfano huu, wiki 6 zinatimia tarehe 12 Januari. Siku hiyo ana miadi ya chanjo ya kwanza ya pentavalenti pamoja na nyingine zinazoambatana nayo. Baada ya chanjo mtoto anaweza kupata joto kwa siku moja au mbili, kwa hiyo si busara kupanda gari jioni ya siku hiyo hiyo; siku tatu za kusubiri zinatosha kuondoa utata wa kujua kama joto ni la chanjo au la ugonjwa. Safari ya katikati ya Januari ina faida nyingine isiyo ya kitabibu: nauli imeshuka na barabara imepungua magari.

Lakini je, ikiwa haiwezekani kuahirisha? Njia inayosahaulika ni kuigeuza safari. Bibi mwenye afya njema anaweza kupanda basi kutoka Marangu kwenda Dar es Salaam kwa hatari ndogo mno ikilinganishwa na ile ya mjukuu wa siku 19, na huleta msaada mahali mama anapouhitaji. Baba naye anaweza kwenda na mtoto mkubwa kwa siku 4 na kurudi. Familia nyingi hazijawahi kulifikiria hili kwa sababu hakuna aliyewauliza.

Wapo watoto ambao kwao mjadala haupo. Aliyezaliwa kabla ya wiki 37, aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5 ambaye bado hajaongezeka vizuri, aliyelazwa kwa shida ya kupumua au maambukizi, mwenye tatizo la moyo, au mwenye umanjano ambao haujaisha baada ya siku 14, asisafiri safari ndefu mpaka daktari anayemfuatilia aridhie.

Vituo vya njiani

Ikiwa safari imeamuliwa, hatua ya kwanza ni kuipanga kwa saa ya mtoto. Kipimo kinachofaa ni kusimama kila baada ya saa 2, mtoto awe amelala au yu macho. Kwa kasi halali za barabara ile, ambayo vijiji vyake vingi vina vibao vya kilomita 50 kwa saa, gari dogo linalosimama hivyo litatumia saa 11 au 12 kufika Moshi. Anayeona kuwa muda huo ni mrefu mno kwa siku moja ana njia ya kulala Korogwe na kumalizia kesho yake. Hilo si anasa. Baba aliyeamka usiku mara nne kwa wiki nyingi mfululizo ni dereva mchovu hata kama hajisikii hivyo. Anayesinzia kwa sekunde 4 akiwa kwenye kilomita 90 kwa saa, gari lake husafiri mita 100 bila dereva.

Kila kituo kina kazi yake. Mtoto atolewe garini, apelekwe kivulini penye mwanga wa mchana, aamshwe kwa kumfungua nguo na kumpapasa nyayo. Mtoto mzima ataamka, atakunja uso, atalalamika. Asiyeamka, au anayefumbua macho na kuyafumba tena huku mikono ikianguka kama kitambaa, ametoa dalili ya hatari. Kisha anyonyeshwe. Kunyonya ndicho kipimo bora kuliko vyote ambacho mama anacho, kwani kinahitaji nguvu, pumzi na ufahamu kwa pamoja; mtoto anayenyonya kwa hamu kama alivyonyonya jana kwa kawaida yuko vizuri. Wakati nguo ziko wazi, atazamwe rangi ya ngozi, viganja na nyayo, na nepi ibadilishwe hata kama inaonekana ina nafasi. Mtoto aliyezidi siku 5 hukojoa angalau mara 6 kwa siku. Saa 6 hadi 8 bila mkojo zinatosha kumpeleka kituoni.

Familia inayomiliki kipimajoto cha kawaida cha kwapani ibebe. Ni kifaa cha bei ndogo kinachomaliza ubishi mkubwa. Joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5, ni dalili ya hatari kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili. Mtoto akikutwa na 37.8 garini, avuliwe nguo za ziada, akae kivulini penye upepo, anyonyeshwe, na apimwe tena baada ya nusu saa. Likishuka na kubaki chini, na ananyonya, ilikuwa ni joto la gari. Lisiposhuka, au likishuka huku hanyonyi, safari ya Marangu imekwisha kwa siku hiyo na safari ya hospitali imeanza. Asipewe dawa ya kushusha homa ili afike. Dawa hiyo hushusha namba na kuacha ugonjwa, na mganga wa Moshi atapokea mtoto aliyefichwa mara mbili, kwanza na gari, kisha na dawa.

Pumzi zihesabiwe kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia na gari limesimama, kwa kutazama tumbo lake likipanda na kushuka. Pumzi 60 au zaidi zihesabiwe upya. Zikibaki hivyo, au kifua kikibonyea kwa ndani kila anapovuta hewa, ni dharura.

Dharura ikitokea njiani, watu wengi hufanya hesabu moja yenye makosa: wanakadiria umbali uliobaki hadi kwa ndugu. Hesabu sahihi ni umbali hadi hospitali iliyo karibu, hata kama ni ya nyuma. Katika barabara hii kuna Tumbi pale Kibaha, Magunga pale Korogwe, hospitali ya Same, ya Mwanga, kisha Mawenzi na KCMC mjini Moshi. Kati ya Korogwe na Same ni zaidi ya kilomita 150, na ndiyo sehemu ya joto kali zaidi. Kwa hiyo kituo cha Korogwe kisifanywe cha haraka. Mashaka yoyote kuhusu mtoto yamalizwe hapo, kabla ya kuiacha hospitali mgongoni.

Kwa wasafiri wa basi, ratiba si yao. Hata hivyo kondakta mwenye taarifa mapema hufanya mengi, na abiria wa Tanzania, tofauti na wanavyosemwa, hawamlalamikii mama mwenye kichanga anayeomba dakika 5 za nyongeza pale Mombo. Tangu mwaka 2023 mabasi yanaruhusiwa tena kusafiri usiku, na wazazi wengi huona usiku ni bora kwa kuwa kuna ubaridi. Ubaridi upo kweli. Lakini gizani mtoto haonekani, na yote yaliyoelezwa hapo juu hutegemea kumwona.

Mahali anapokaa mtoto

Gari linaloenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ndani ya nusu mita, mtoto wa kilo 4 huvuta mikono ya anayempakata kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban kilo 80. Hakuna mikono inayoweza kuzuia hilo, hata ya mama. Katika gari dogo, mtoto mchanga anapaswa kuwa katika kiti chake maalumu kinachotazama nyuma, kilichofungwa kwenye kiti cha nyuma cha gari. Kisiwekwe kamwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa sababu mfuko huo hufumuka kwa nguvu inayoweza kumuua. Viti vya mitumba vinavyouzwa mijini vikaguliwe kwanza. Kilichopasuka, kilichokosa mkanda, au kilichotoka katika gari lililopata ajali hakifai.

Kiti hicho, pamoja na ubora wake, hakikutengenezwa kuwa kitanda. Mtoto mchanga ana kichwa kizito na shingo dhaifu. Akikaa nusu wima kwa muda mrefu, kidevu huangukia kifuani na njia ya hewa hubanwa. Hii ni sababu nyingine ya kusimama kila baada ya saa 2, na katika wiki za mwanzo wapo wataalamu, hasa Uingereza, wanaoshauri asizidishe dakika 30 bila kutolewa na kulazwa chali. Mtu mzima mmoja akae nyuma pembeni yake, akiona uso. Nguo nene na blanketi visiwekwe kati ya mwili na mkanda, kwa sababu mkanda hubaki legelege; afungwe kwanza, kisha afunikwe juu.

Katika basi kiti hicho mara nyingi hakina pa kufungwa. Mama afunge mkanda wake mwenyewe kiunoni, na mtoto awe kifuani katika mbeleko, nje ya mkanda huo. Mkanda mmoja usiwazungushe wote wawili, maana wakati wa mgongano mwili wa mama humgandamiza mtoto dhidi yake. Njia hii haifikii usalama wa kiti na haifai kusifiwa kupita kiasi. Inapunguza madhara tu. Ndani ya mbeleko, uso uonekane, pua isizibwe na titi wala kitambaa, na kidevu kisiguse kifua. Tabia ya kumgubika mtoto mzima kwa kitenge ili kumkinga na vumbi au upepo wa kiyoyozi iachwe. Chini ya kitenge hewa huwa nzito, joto hupanda, na uso, ambao ndio dirisha la pekee la mama, umefungwa.

Na gari likisimama Segera kwa ajili ya kununua machungwa, mtoto ashuke na watu. Gari lililofungwa juani hupanda joto kwa takriban nyuzi 10 ndani ya dakika 10 tu.

Kuhusu maji: hapewi. Maziwa ya mama sehemu yake kubwa ni maji, na yanatosha hata katika joto la Mkomazi ikiwa ananyonya mara nyingi zaidi. Maji ya chupa, juisi na dawa za tumbo hujaza tumbo dogo na kuleta kuhara. Maziwa yaliyokamuliwa hudumu kwa saa 4 tu penye joto lisilozidi nyuzi 25, na humo garini si mahali pa namna hiyo. Titi lenyewe ni chombo bora zaidi.

Mama asiyehesabiwa

Katika maandalizi ya safari kila mtu hufikiria mtoto, na mama huhesabiwa miongoni mwa watunzaji. Naye pia ni mgonjwa mtarajiwa. Katika wiki 6 baada ya kujifungua, damu ya mwanamke huganda kwa urahisi zaidi kuliko wakati wowote mwingine wa ujana wake, na hatari hiyo ni kubwa zaidi katika wiki 3 za kwanza na kwa aliyejifungua kwa upasuaji. Kukaa bila kunyoosha miguu kwa saa nyingi huongeza hatari. Bonge la damu likijitengeneza mguuni linaweza kusafiri hadi mapafuni.

Hapa pia safari huficha. Miguu ya kila abiria huvimba. Inayotakiwa kuogopwa ni mguu mmoja uliovimba kuliko mwenzake, wenye maumivu kwenye nyama ya nyuma ya ugoko, na zaidi ya hapo kubanwa kwa pumzi kwa ghafla au maumivu ya kifua. Kichwa kinachouma sana pamoja na kuona ukungu kisihusishwe na uchovu wa barabara kabla ya kupima shinikizo la damu, kwa maana kifafa cha mimba kinaweza kujitokeza hata baada ya kujifungua. Damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja ni dharura, na mama aliyevaa nguo nyeusi akiwa amekaa kiti kimoja anaweza asiitambue mapema.

Wanawake wengi husafiri bila kunywa maji ili wasihitaji choo, jambo ambalo wanaume katika familia hawalijui kwa sababu halisemwi. Kukosa maji huongeza kuganda kwa damu na kumchosha mama anayenyonyesha. Baba anayetaka kusaidia katika safari hii aanze na hilo: awe yeye ndiye anayeomba gari lisimame, ili mkewe asilazimike kuomba. Katika kila kituo mama atembee dakika 10, anywe maji, ale, huku mtu mwingine akimshika mtoto.

Baada ya kufika

Hatari hubadilika sura jioni ya kufika. Watu 20 wanataka kumpakata mtoto, na desturi ya kumbusu ina upendo wote duniani pamoja na virusi vya mafua. Si lazima kumnyima bibi mjukuu wake. Mikono ioshwe kwa sabuni, busu liwe la nyayoni, na mwenye kikohozi amsalimie kwa mbali. Mwanafamilia anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi anahitaji kupimwa kifua kikuu kwa ajili yake mwenyewe, sembuse kwa ajili ya mtoto, na mikusanyiko ya sikukuu ni fursa nzuri ya kumwambia.

Usiku wa mlimani una baridi, na mtoto aliyetoka joto la Dar es Salaam huhitaji kofia na nguo moja zaidi ya mtu mzima. Kinachotia hofu zaidi ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani na mlango kufungwa. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu wakiwa usingizini. Joto bora kwa kichanga ni ngozi ya mama yake mchana, na usiku alazwe chali, sehemu yake, bila mto wala mablanketi mazito, ndani ya chandarua chenye dawa. Chandarua hicho kitoke Dar es Salaam na familia. Si busara kutegemea kukikuta, na hata kama Marangu ina mbu wachache, wanaolala Korogwe au Same njiani wako katika eneo lenye malaria. Dawa za kujipaka za kufukuza mbu zisitumike kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili.

Muuguzi anayeagana na familia kabla ya safari ana jambo moja dogo la kukagua: mahali ilipo kadi ya kliniki. Mara nyingi hufungashwa ndani ya sanduku kubwa, chini ya mizigo yote katika buti la basi. Inapaswa kuwa katika mkoba wa mama, pamoja na kipimajoto, nepi na namba ya simu ya kituo alikojifungua. Kadi hiyo ndiyo itakayomwezesha tabibu wa Same kujua uzito wa kuzaliwa wa mtoto asiyemfahamu, na ndiyo itakayomruhusu, ikiwa familia imechelewa kurudi, kupata chanjo ya wiki ya 10 katika kituo chochote kilicho karibu na bibi.